Karatasi Ndani ya Boflo

Karatasi ya kwanza ya siri niliyoishika ilikuja ndani ya boflo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiliandikia gazeti moja la Bara. Mama mmoja, mpiga chapa wa afisi ya serikali, alinikuta Darajani, Unguja. Tukaamkiana, akanipa boflo lililozongwa gazeti kuukuu. "Mwanangu, lile leo hii, lisilale," akasema, akashika njia ya sokoni.

Ndani mlikuwa na nakala ya kaboni, kurasa mbili, juu imegongwa muhuri mwekundu: SIRI. Ilieleza jinsi kiwanja cha umma kilivyogaiwa watu wachache. Nilikwishaelewa maana ya "lisilale": ninakili kwa mkono usiku ule ule, alfajiri karatasi irudi. Kutoa fotokopi sikuthubutu. Taipureta yao ilikuwa na herufi "m" iliyokatika mguu, na yeyote wa afisi ile angeijua akiitupia jicho mara moja.

Mama yule alikuwa na haki ya kuogopa. Kesi ya Maalim Seif Sharif Hamad ilikuwa bado mbichi. Alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar hadi Januari 1988, akavuliwa wadhifa, kisha Mei 1989 akakamatwa na kushitakiwa kwa kukutwa na nyaraka za siri za Serikali. Aliachiwa kwa dhamana Novemba 1991, baada ya miezi 30 ndani. Hakupatikana na hatia, na mwaka 2010 akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Lakini sisi wa mitaani tulijiuliza: ikiwa aliyewahi kuiongoza serikali amekaa miezi 30 kwa karatasi, mpiga chapa atakaa mingapi?

Miaka mitano kabla ya Maalim Seif kukamatwa, karatasi nyingine ilikuwa imemwondoa Rais wa Zanzibar. Mzee Aboud Jumbe alikuwa akitayarisha kwa siri hoja ya kisheria kuhusu muundo wa Muungano. Rasimu ikavuja, ikamfikia Mwalimu Nyerere, na Januari 1984 Jumbe akajiuzulu kwenye kikao cha chama Dodoma. Siri ile haikuvujia gazetini. Ilipita mikononi mwa wakubwa wenyewe, na ninavyoona mimi, siri nyingi za Unguja zimepita njia hiyo hiyo. Anayetafutwa baadaye ni mdogo.

Magazeti nayo yana kovu lake. Mwaka 1954 Waingereza waliwatia hatiani viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kwa uchochezi, kwa makala za gazeti lao la Al-Falaq. Mwaka 1962 wakamfunga mwanasiasa na mwandishi Abdulrahman Babu, kwa kosa hilo hilo. Baada ya Mapinduzi tukapata sheria yetu wenyewe, Namba 5 ya 1988, inayompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Novemba 2003 likafungiwa Dira, gazeti la mhariri Ali Nabwa, likiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Nakumbuka Ijumaa zilizofuata, wazee wa baraza ya Jaws Corner, Mji Mkongwe, wakinywa kahawa, mikono mitupu.

Nirudi kwenye boflo: habari ya kiwanja ilitoka. Mhariri aliniuliza nimeipata kwa nani, nikamjibu nimeiona kwa macho yangu. Kule afisini faili lilifunguliwa, nakala zikahesabiwa moja moja, na hakuna iliyokosekana. Mama yule akapiga chapa hadi siku ya kustaafu. Jina lake sijamtajia mtu, hata mke wangu.

Alinusurika kwa boflo na kwa mdomo wangu kufungika. Sheria haikumsaidia kitu. Waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi mnaokaa Chukwani, mtakapoiandika upya sheria ya habari tunayoidai miaka yote hii, wekeni kifungu kimoja kwa ajili yake: mwandishi asilazimishwe kumtaja aliyempa habari ya mali ya umma, na mtoaji asifukuzwe kazi wala kufungwa kwa kusema kweli.