Kila mtu ana Wapare wawili mgongoni

Nimepotea kidogo, madesa yamenibana. Leo nawapa historia ya mlango mmoja wa chumvi.

Sisi watu wa Same na Mwanga tunasemwa mno kwa ubahili. Haya, basi mjue kila binadamu ana Wapare wawili mgongoni: figo zake. Kwa siku zinachuja kama lita 180, ndani yake mna chumvi zaidi ya kilo moja, halafu karibu yote zinairudisha kwenye damu. Milango ya kurudishia ni protini. Mmoja unaitwa NCC, jeni yake ni SLC12A3. Uko karibu na mwisho wa mrija wa figo na unavuta sodiamu na kloridi kwa pamoja, kama asilimia 5 hadi 10 ya sodiamu iliyochujwa. Ukizibwa, chumvi inatoka na mkojo, na presha inashuka.

Kinachonifurahisha ni kwamba dawa ilitangulia. Klorothiazaidi iliingia sokoni Marekani mwaka 1958. Watu wakakojoa, presha zikashuka, ila mlango wenyewe hakuna aliyeuona. Mwaka 1966 Gitelman na wenzake wakaeleza wagonjwa waliopungukiwa potasiamu na magnesiamu, utadhani wanameza dawa hiyo kila siku, kumbe wala. Mwaka 1993 Gerardo Gamba, Mmexico, na wenzake kule Boston wakaipata jeni ya mlango huo. Wapi? Kwenye kibofu cha mkojo cha samaki! Mwaka 1996 timu ya Richard Lifton wa Yale ikaonyesha kuwa wagonjwa wa Gitelman jeni yao hiyohiyo ndiyo mbovu. Miaka 38 tangu kidonge kiuzwe!

Ila jeni siyo kila kitu. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti wa Wajaluo waliohama kijijini kwenda Nairobi. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini presha zilikuwa juu, na sodiamu kwenye mkojo imeongezeka. Jeni ni zilezile walizopanda nazo basi.

Bibi yangu yuko milimani, anameza hidroklorothiazaidi, ndugu wa kile cha 1958. Siku ya kushuka Same haimezi, maana dereva hasimamishi gari kila kona kwa ajili ya haja ya bibi kizee. Namwelewa kabisa. Lakini makande yake, mwe, chumvi yake ng'ombe angelamba sufuria! Nimemwomba amuulize daktari kama siku za safari anaweza kumeza akisharudi. Kasema ataenda, nauli nitume mimi.