Totoro

Totoro ni neno adimu la Kiswahili linalokoleza giza. Giza totoro, au kwa matamshi ya Unguja kiza totoro, ni lile ambalo mtu haoni hata kiganja chake. Kwa kawaida neno hili halisikiki peke yake.

Sarufi na asili

Totoro limo katika jamii ya tanakali, pamoja na pe ya nyeupe pe na ti ya nyeusi ti. Halichukui kiambishi cha ngeli: hubaki vilevile likifuata giza hili au kiza hiki. Wengine hutamka tororo.

Kiza chenyewe ni neno la Kibantu. Wadigo husema jiza. Katika Kiarabu, mzizi mmoja umezaa neno la giza na la uonevu. Waswahili walichukua dhulma, wakabaki na kiza chao.

Kiza cha Unguja

Unguja imewahi kukijua kiza totoro cha kukosa umeme. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Forodhani mwaka 1883, lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwaka umeme. Tangu mwaka 1980 Unguja ilitegemea waya mmoja wa baharini kutoka Bara, wenye uwezo wa megawati 45. Ulipoharibika Mei 2008, kisiwa kilikaa bila umeme takriban mwezi mzima. Pemba, iliyokuwa na jenereta zake, haikuguswa.

Pigo la pili lilikuwa zito zaidi: kuanzia tarehe 10 Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, hoteli zikanguruma kwa jenereta, na nyumba zisizo na uwezo zikarudia kandili na vibatari.

Mchumi Alfredo Burlando alichunguza kiza cha 2008, akakuta kilifuatiwa na ongezeko la vizazi miezi kadhaa baadaye. Aligundua pia kwamba uzito wa watoto waliozaliwa ulipungua, jambo alilolihusisha na kuporomoka kwa vipato. Waya mpya wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Ras Fumba upande wa Unguja, ulizinduliwa mwaka 2013 kwa fedha za Marekani.

Matumizi ya sasa

Totoro hupatikana zaidi katika hadithi na habari za kukatika umeme. Maandishi sanifu hupendelea giza totoro. Kiza husikika zaidi Visiwani.