Miungu Waliomo Kwenye Kalenda

Mwanafunzi anayeandika Wednesday juu ya ukurasa wa daftari anaandika jina la Woden, mungu wa kale wa makabila ya Kijerumani. Waskandinavia walimwita Odin, na hadithi zao zinasimulia kwamba alitoa jicho lake moja ili anywe maji ya kisima cha hekima.

Mpangilio wenyewe ulitoka Roma. Huko siku saba zilipewa majina ya jua, mwezi na sayari tano, na sayari hizo zilikuwa na majina ya miungu. Watu wa kaskazini walipoipokea wiki hiyo waliweka miungu yao: Mars wa vita akampisha Tiw, Jupiter mwenye radi akampisha Thor, Venus akampisha Frigg. Saturn peke yake hakung'oka. Yumo ndani ya Saturday hadi leo.

Kiswahili hakikuhitaji miungu hiyo. Kinahesabu tangu siku inayofuata Ijumaa, siku ya swala, hivyo Jumatano ni ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu, nayo pia maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Wiki moja, siku za tano mbili, tena zimefuatana!