Young Fathers na siasa ya kupangiwa jina

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2014, katika ukumbi wa Roundhouse jijini London, majaji wa Tuzo ya Mercury walitangaza ushindi ambao wabashiri hawakuutegemea. Tuzo hiyo hutolewa kila mwaka kwa albamu inayohesabiwa kuwa bora kuliko zote za Uingereza na Ayalandi. Mwaka huo FKA twigs alikuwa amepewa nafasi kubwa, na Damon Albarn alikuwamo kwenye orodha akiwa na umaarufu wa miaka ishirini. Walioshinda ni Young Fathers, vijana watatu wa Edinburgh, kwa albamu yao Dead, ambayo hadi usiku huo ilikuwa imeuza nakala zisizofika 2,500 nchini humo. Walipanda jukwaani, wakashukuru kwa maneno machache, wakashuka. Hawakutabasamu. Nyuma ya jukwaa walikataa kuzungumza na baadhi ya magazeti ya mrengo wa kulia, na waandishi kadhaa wakajishughulisha zaidi na nyuso zao zilizokunjamana kuliko na muziki uliowapa tuzo.

Tukio hilo dogo lina uzito wake katika historia. Jamii inaweza kumtunuku mtu na papo hapo ikaendelea kumdai ajieleze: wewe ni nani, umetoka wapi, mbona hushukuru vya kutosha? Young Fathers wametunukiwa mara nyingi, na mara nyingi wamekataa kujibu maswali hayo kwa masharti ya muulizaji. Kukataa huko kumewagharimu.

Alloysious Massaquoi alizaliwa Liberia, nchi iliyoingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwishoni mwa 1989, akafika Edinburgh akiwa mtoto mdogo. Kayus Bankole alizaliwa Edinburgh kwa wazazi wa Kinaijeria, akaishi kwa muda Nigeria na Marekani kabla ya kurejea. Graham Hastings, Mskochi mweupe, alikulia Drylaw, mtaa wa nyumba za halmashauri kaskazini mwa mji huo. Walikutana wakiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, katika disko la hip hop la vijana wadogo kwenye Bongo Club. (Msomaji wa Dar es Salaam asichangamke mapema: jina la klabu hiyo halihusiani na Bongo yetu.) Jina la kundi lina asili nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kila mmoja wao alipewa jina la baba yake, kwa hiyo wote watatu ni akina baba wadogo. Kwetu, ambako jina la babu humrudia mjukuu, jambo hilo halihitaji maelezo, lakini wahojiwa hao wamelazimika kulifafanua mara nyingi.

Edinburgh ya ujana wao si London wala Bristol. Katika sensa ya 2011, asilimia 96 ya wakazi wa Uskochi walijiandikisha kuwa weupe. Kijana mweusi aliyekulia huko hakuwa na mtaa mkubwa wa watu wa asili yake ambao ungempa lafudhi, vilabu na redio zake. Hata hivyo, mji wenyewe umejaa Afrika kwa anayejua kuutazama. Sanamu ya David Livingstone imesimama katika bustani za Princes Street. Katika uwanja wa St Andrew kuna mnara mrefu wa Henry Dundas, mwanasiasa ambaye mwaka 1792 aliingiza neno “taratibu” katika hoja ya Bunge ya kukomesha biashara ya utumwa. Biashara hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1807. Na katika chuo kikuu cha mji huohuo, kati ya 1949 na 1952, alisoma kijana mmoja kutoka Butiama ambaye wasomaji wangu hawahitaji kutajiwa jina.

Miaka yao ya mwanzo haina mengi ya kusimulia. Walifanya kazi na mtayarishaji Tim London, wakajaribu muziki wa pop wa kuwafurahisha vijana, na mipango ya wakati huo haikufika mbali. Mageuzi yalikuja walipoacha kusubiri. Waliingia studio, wakarekodi kwa haraka bila kusafisha kila sauti, na mwaka 2011 wakaitoa Tape One wenyewe. Tape Two ilifuata mwaka 2013, na Juni 2014 ikashinda Tuzo ya Albamu Bora ya Mwaka ya Uskochi. Miezi michache baadaye ikaja Mercury.

Mtu anayezisikiliza kazi hizo kwa mara ya kwanza hupata taabu kuziainisha. Kuna ngoma nzito, kuna kinanda, kuna kuimba kwa pamoja kunakokaribia kwaya ya kanisani, halafu ghafla mmoja anaghani maneno kwa kasi. Wimbo hauzidi dakika tatu au nne, na kiitikio chake hunasa kama cha wimbo wowote wa redioni. Pamoja na hayo, karibu kila taarifa ya habari iliwaita “kundi la hip hop”. Kwa nini? Jibu la Massaquoi na wenzake, ambalo mimi naliona sahihi, ni kwamba macho yalitangulia masikio. Wakionekana weusi wawili wakiwa na kipaza sauti, rafu yao dukani imekwishapatikana.

Ndiyo maana albamu ya Aprili 2015 ilikuwa tendo la kisiasa hata kabla ya kuchezwa. Waliiita White Men Are Black Men Too, yaani wanaume weupe nao ni wanaume weusi. Jina hilo lilizua ubishi ndani ya kundi lenyewe, na sehemu ya majadiliano yao kwa barua pepe ilitolewa hadharani, Massaquoi akitetea kwamba suala la rangi lisemwe waziwazi badala ya kuzungukwa. Juu ya hilo wakaelekeza kwamba albamu ipangwe kwenye rafu ya rock na pop. Baadhi ya wachambuzi waliona ni mzaha wa kibiashara. Hawakutazama mbali. Rafu ya duka huamua redio ipi itapiga wimbo, tamasha lipi litamwalika msanii, na fungu gani la ruzuku litamhusu. Mtumishi wa umma aliyewahi kujaza fomu yenye visanduku vya “aina ya sanaa” anajua kwamba kisanduku nacho ni mamlaka. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo albamu yao ya kijasiri zaidi, ingawa haikuleta tuzo kubwa kama zile za kabla yake na baada yake.

Mwaka 2017 mambo mawili yalitokea katika mji uleule. Danny Boyle alitumia nyimbo zao kadhaa katika filamu T2 Trainspotting, na mmoja wao, Only God Knows, wakauimba pamoja na kwaya ya kanisa moja la Leith. Vijana hawa wakawa sauti ya Edinburgh kwenye majumba ya sinema duniani. Mwaka huohuo walishiriki katika video iliyohusu maonyesho ya picha za wanaume katika Jumba la Taifa la Picha za Watu, hatua chache kutoka mnara wa Dundas. Ndani yake Bankole anaonekana akirusha ngumi hewani mbele ya michoro ya mabwana wa zamani, huku maneno yakihoji ni nani aliyestahili kuchorwa na kwa mali gani. Matusi ya kibaguzi yalimiminika mtandaoni. Kuwa sauti ya mji kwenye sinema kulikubalika, lakini kuuliza maswali ndani ya jumba la taifa kuliwakera wengi.

Mwaka 2018 ulileta albamu ya Cocoa Sugar, iliyowapa tena tuzo ya Uskochi. Ulileta pia mgogoro ambao wanafunzi wa siasa za utamaduni wanapaswa kuusoma kwa makini. Tamasha la Ruhrtriennale la Ujerumani lilikuwa limewaalika, kisha mwezi Juni likafuta mwaliko kwa sababu hawakukubali kujitenga na vuguvugu la kuisusia Israeli kwa ajili ya haki za Wapalestina. Wasanii na wasomi wa nchi mbalimbali walilalamika. Mkurugenzi wa tamasha, Stefanie Carp, akageuza uamuzi na kuwaalika upya, naye akashambuliwa na wanasiasa wa nchini mwake. Kundi lilikataa kurudi. Mwaka uliofuata, Mei 2019, Bunge la Ujerumani lilipitisha azimio lililolitaja vuguvugu hilo kuwa la chuki dhidi ya Wayahudi. Azimio hilo halikuwa na nguvu ya sheria, lakini taasisi za utamaduni zinazotegemea fedha za serikali zililisoma kwa hofu.

Wapo wanaosema kuwa mwanamuziki afanye muziki, siasa awaachie wenyewe. Hoja hii ingekuwa na mashiko kama siasa nazo zingewaacha wanamuziki. Ruhrtriennale haikuwauliza Young Fathers kuhusu ala wala mashairi. Iliwataka watoe tamko, na mwaliko wao ukategemea tamko hilo. Mtu anaweza kupinga msimamo wao kuhusu Israeli na bado akaona hatari ya msanii kudaiwa kiapo kabla ya kupanda jukwaani. Mimi naiona hatari hiyo hata pale ambapo kiapo kinachodaiwa ni kile ninachokiamini.

Baada ya hapo walinyamaza kwa karibu miaka mitano. Albamu ya Heavy Heavy, iliyotoka Februari 2023, ina furaha ambayo wasikilizaji wao wa zamani hawakuizoea. Mmoja wa nyimbo zake unaitwa Ululation, vigelegele, na kwa msikilizaji wa Kiswahili hakuna cha kufafanua hapo. Iliingia katika orodha ya Mercury, kisha ikawapa tuzo ya Uskochi kwa mara ya tatu, jambo ambalo hakuna msanii mwingine aliyekuwa amelifanikisha tangu tuzo hiyo ianzishwe mwaka 2012. Taarifa za ushindi huo nazo, nyingi kati ya zile nilizosoma, zilianza kwa maneno yaleyale: kundi la hip hop. Mwaka 2025 Danny Boyle aliwarudia, safari hii kwa muziki wa filamu nzima ya 28 Years Later.