Makovu Yaliyofunguka Baharini

Katika vita vya Mto Boyne, Ireland, mwaka 1690, askari mmoja alijeruhiwa, akatibiwa, akapona. Zaidi ya miaka 50 baadaye, uzeeni, alikuwa ndani ya Centurion, meli ya kamanda George Anson iliyoondoka Uingereza Septemba 1740 pamoja na meli nyingine kuelekea Pasifiki. Kiseyeye kilipompata, majeraha yake ya ujanani yalifumuka, mabichi, kana kwamba hayajawahi kufunga. Msafara huo ulishuhudia hata mfupa uliounga kitambo ukiachana. Kati ya watu takriban 1,900, zaidi ya 1,300 walikufa, wengi wao kwa maradhi.

Kilichompata mzee yule kinaeleza kovu ni nini hasa. Ngozi ikichanika, damu huganda na kuziba tundu. Seli nyeupe huingia kusafisha vijidudu na nyama iliyokufa, kisha seli nyingine hutengeneza nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo ndizo kovu. Hata likikomaa, kovu hufikia takriban asilimia 80 tu ya uimara wa ngozi ya awali, na kazi yake haiishi: nyuzi kuukuu huvunjwa, mpya hujengwa, mwaka nenda mwaka rudi. Vitamini C ndiyo inayoziwezesha nyuzi, tatu kwa tatu, kujisokota kama kamba ya katani. Ikikosekana mwilini, ubomoaji huendelea na ujenzi husimama: hicho ndicho kiseyeye.

Tiba yake ilikuwa imeonekana mapema, tena katika pwani yetu. Baharia Mreno Vasco da Gama alipokuwa akirejea kutoka India, alitumia karibu miezi mitatu kuvuka bahari. Watu 30 walikufa kwa kiseyeye, na kila meli ikabaki na mabaharia saba au wanane wenye uwezo wa kufanya kazi. Walipotia nanga Malindi, Januari 1499, waliagiza machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Wengine walikuwa wamechelewa mno. Kwa uhaba wa mabaharia, Wareno waliichoma moto São Rafael, mojawapo ya meli zao, kusini mwa Mombasa.

Daktari James Lind alilipima jambo hilo mwaka 1747 kwa kuwagawa wagonjwa 12 wawili wawili. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipata nafuu upesi kuliko wote. Alichapisha kitabu chake mwaka 1753, lakini jeshi la majini la Uingereza halikuagiza maji ya limau kwa mabaharia wake hadi mwaka 1795. Ni ucheleweshaji usio na udhuru.

Mwaka 1939, daktari mpasuaji kijana wa Boston, John Crandon, aliutumia mwili wake mwenyewe. Aliacha kula chochote chenye vitamini C. Baada ya miezi mitatu alichanjwa mgongoni, na jeraha likapona vizuri. Baada ya miezi sita alichanjwa tena: juu ngozi ilifunga, chini hapakuwa na kilichounga. Alipodungwa vitamini C, jeraha lilipona.

Basi anayemuuguza mtu mwenye kidonda kisichofunga amfikishe kwa daktari, na asisahau sahani yake. Mapera yana vitamini C nyingi kuliko machungwa, na mchicha usichemshwe hadi ukalegea, kwani moto mwingi huiharibu.