Historia ya Nozeli ya Kuchapa kwa Mvuke na Funzo Lake kwa Waundaji wa Istilahi

Istilahi ya kiteknolojia haina budi kuzingatia historia ya kifaa inachokitaja. Makala haya yanaijadili hoja hiyo kwa kurejelea nozeli inayotumika kuchapa mata za kikaboni kutokana na mvuke.

Mwaka 1987, Tang na VanSlyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, walieleza daiodi ya kikaboni itoayo nuru, iliyotengenezwa kwa kuvukiza mata ndani ya chemba yenye ombwe. Baadaye, ili kutenganisha rangi za skrini, wahandisi walitumia bati jembamba lenye matundu. Mvuke mwingi uliganda juu ya bati na kuta za chemba, ukapotea. Uchapaji wa wino nao ulihitaji kiyeyushi, ambacho huweza kuharibu tabaka lililotangulia.

Mwaka 2004, Shtein, Peumans, Benziger na Forrest walichapisha njia nyingine, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Princeton. Gesi hubeba mvuke na kuupitisha katika nozeli iliyopashwa moto ili usigande njiani, kisha mvuke huganda juu ya bamba lenye baridi. Gesi nyepesi hutawanyika pembeni, ilhali molekuli nzito huendelea mbele. Kwa hiyo upana wa mstari hutegemea kipenyo cha tundu na umbali wake kutoka kwenye bamba.

Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Michigan, McGraw na Forrest walitumia safu za nozeli ndogo za silikoni. Hata hivyo, molekuli zisizonata zingeweza kuchafua rangi jirani. Kupunguza ukubwa wa tundu pekee hakukutosha. Miundo iliyofuata iliweka kando yake matundu ya kufyonza mabaki.

Hapo ndipo suala la lugha linapojitokeza. Istilahi kama “mdomo wa kunyunyizia” inavutia kwa kuwa asili yake ni Kiswahili, lakini ina kasoro mbili: kunyunyiza huashiria majimaji, ilhali teknolojia hii ilibuniwa ili kuepuka majimaji; tena mdomo huo hutoa tu, ilhali kifaa cha sasa hutoa na kufyonza. Neno lililotoholewa, “nozeli”, haliifungi maana kwa namna hiyo.

Tunapendekeza kwamba vyombo vya kusanifu istilahi katika nchi zetu vimshirikishe mhandisi kabla ya kuidhinisha neno. Istilahi iliyokwisha kuingia katika mitaala ya nchi kadhaa ni vigumu kuiondoa, na kosa lake hurithiwa na mwanafunzi.