Mtu wa Kawaida na Hatari Isiyo ya Kawaida: Usuli wa Riwaya ya Taharuki Kutoka Buchan Hadi Ambler

Utangulizi

Wahakiki wengi wa fasihi katika Afrika Mashariki wamezoea kuitia riwaya ya taharuki katika kapu moja na fasihi pendwa, kisha kulifunika kapu hilo. Hoja inayotolewa aghalabu ni kwamba riwaya za aina hii hutegemea sadfa, mbio na vitisho, na kwamba hazimwachii msomaji jambo la kutafakari pindi kurasa zinapokwisha. Makala haya yanashikilia kwamba hukumu hiyo ni ya haraka mno. Katika tawi moja la riwaya hizi mna mhusika ambaye si askari, si jasusi, wala si shujaa wa kurithi. Ni mtu wa kawaida, mwenye kazi yake na kodi ya nyumba ya kulipa, ambaye siku moja hujikuta akiwindwa. Mhusika huyu hakuwapo tangu jadi. Alizuka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu zinazoweza kutajwa, na akabadilika kabisa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Swali linaloongoza uchunguzi huu ni jepesi kuliuliza lakini si jepesi kulijibu: katika riwaya hizi, ni nani aliyehesabiwa kuwa mtu wa kawaida, na ni hatari ipi iliyohesabiwa kuwa si ya kawaida?

Hatari ya Ng'ambo

Katika karne ya 19, hatari katika riwaya ya Kiingereza ya masaibu ilikuwa na makao yake, na makao hayo yalikuwa mbali. Mhusika wa Treasure Island ya Robert Louis Stevenson (1883) huvuka bahari ili aifikie. Wale wa King Solomon's Mines ya H. Rider Haggard (1885) huvuka jangwa na milima ya Afrika. Nyumbani palikuwa mahali pa kuondokea na kurejea na mali. Riwaya hizi mbili hazikubaki mikononi mwa wasomaji wa Uingereza peke yao. Mnamo 1929 zilichapishwa kwa Kiswahili, Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa tafsiri ya Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa 1930. Kwa hivyo mmoja wa mifano ya mwanzo ya riwaya aliyoipata msomaji wa Kiswahili shuleni ulikuwa ule ambamo Afrika yenyewe ndiyo hatari, na Mzungu ndiye anayeokoka.

Dalili ya mabadiliko ilionekana katika The Riddle of the Sands ya Erskine Childers (1903). Wahusika wake wawili, Carruthers na Davies, ni vijana waliokwenda kujiburudisha kwa mashua katika pwani ya Kijerumani ya Bahari ya Kaskazini. Humo, miongoni mwa mafungu ya mchanga na maji kupwa, wanagundua maandalizi ya kuivamia Uingereza. Hatari ilikuwa imeanza safari ya kurudi nyumbani. Ushindani wa manowari baina ya Uingereza na Ujerumani ulikuwa umeipa sababu ya kufanya hivyo, na ramani ya dunia ilikuwa imebakiwa na nafasi chache tupu za kujazwa na hazina.

Buchan na Hatari ya Mlangoni

Aliyeikamilisha safari hiyo ni John Buchan, Mskoti aliyezaliwa 1875. The Thirty-Nine Steps aliianza 1914 akiwa mgonjwa wa vidonda vya tumbo, ikatoka 1915, kwanza kwa sehemu katika jarida la Blackwood's, kisha kama kitabu. Mhusika mkuu, Richard Hannay, ana miaka 37. Amerudi kutoka Rhodesia akiwa na fedha za kumtosha, na London imemchosha. Jirani yake, Mmarekani aitwaye Scudder, anamwendea na habari za njama ya kimataifa. Siku chache baadaye Hannay anamkuta amechomwa kisu sebuleni mwake. Kuanzia hapo anakimbizwa na makundi mawili, polisi wanaomdhania kuwa muuaji na majasusi wanaojua kwamba si muuaji.

Ubunifu wa Buchan umo katika mandhari na katika mwendo wa nyumbani. Hannay anatoroka akiwa amevaa mavazi ya muuza maziwa. Anajificha kwa kazi ya mtengeneza barabara. Anapanda garimoshi pamoja na abiria wa kila siku. Graham Greene, akimwandika Buchan mwaka 1941 baada ya kifo chake, alimsifu kwa kuwa wa kwanza kutambua nguvu ya kitamthilia inayopatikana hatari inapowafika watu wasioitafuta, tena katika mazingira wanayoyajua. Sifa hiyo ni ya haki. Sura bora ya riwaya ni ile ya mwisho, katika nyumba moja ya pwani ya Kent. Hannay anawakuta maadui zake wakicheza karata, wakizungumza na kucheka kama Waingereza wa tabaka la kati. Ukawaida wao ni kamili kiasi kwamba anaanza kuitilia shaka akili yake mwenyewe, hadi mmoja wao anapogonga goti kwa vidole. Taharuki hapa haitokani na bunduki. Inatokana na wazo kwamba ukawaida wenyewe unaweza kuwa vazi.

Ukawaida wa Hannay Uliegemea Wapi?

Hata hivyo, vazi hilo linamfaa Hannay pia. Msomaji akimtazama kwa makini ataona kwamba ukawaida wake una nguzo nyingi. Anaokoka kizuizini kwa sababu mhandisi wa migodi anajua baruti. Anajificha nyikani Uskoti kwa mbinu alizojifunza katika mbuga za kusini mwa Afrika. Na jambo kubwa zaidi ni namna anavyoifikia serikali. Akiwa mtoro anayetafutwa kwa mauaji, anakutana njiani na kijana mwanasiasa, wanaelewana kwa muda mfupi, naye kijana anampa barua ya utambulisho kwa mzee wake aliye mkubwa katika Wizara ya Mambo ya Nje. Mlango wa dola unafunguka kwa sababu sauti, tabia na jamii ya mgeni vinatambulika. Hannay ni mtu wa kawaida kwa maana ya kuwa ni mmoja wao.

Kwamba chanzo cha ukawaida huo ni himaya kunathibitishwa na kazi ya awali ya mwandishi huyohuyo. Buchan alitumikia Afrika Kusini kati ya 1901 na 1903 chini ya Alfred Milner. Katika Prester John (1910), iliyotoka miaka minne baada ya uasi wa Bambatha huko Natal, kijana wa Kiskoti, David Crawfurd, anakwenda kuwa msaidizi wa duka na anakumbana na maandalizi ya Waafrika kujikomboa chini ya John Laputa. Buchan anampa Laputa haiba, elimu na ufasaha, kisha anamhukumu kufa. Katika riwaya hiyo, hatari isiyo ya kawaida ni Mwafrika kudai nchi yake. Chinua Achebe alieleza kwamba katika usomaji wake wa utotoni wa vitabu vya Haggard na Buchan alijikuta upande wa Wazungu, kwa kuwa hakujiona miongoni mwa wale waliosawiriwa kuwa washenzi. Naye Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), anawakumbuka Stevenson na Haggard miongoni mwa waandishi wa masomo yake ya shuleni chini ya ukoloni. Ushuhuda wa waandishi hawa unaonyesha uwezo wa taharuki kama mbinu: humfanya msomaji akimbie pamoja na mhusika kabla hajapata nafasi ya kuuliza anakimbia kutoka kwa nani.

Ambler na Mtu Asiye na Hati

Utanzu wowote ukibaki mikononi mwa itikadi moja hukauka. Riwaya ya taharuki ilinusurika kwa kuwa katika miaka ya 1930 iliangukia mikononi mwa Eric Ambler (1909-1998), aliyesomea uhandisi na kufanya kazi ya matangazo ya biashara. Ambler aliiona riwaya ya ujasusi aliyoirithi kuwa imeelemea upande wa kulia, akakusudia kuipindua. Kati ya 1936 na 1940 alitoa riwaya sita. Wahusika wake wakuu ni mwandishi wa habari aliyefilisika kwa kamari, mhandisi aliyepoteza kazi, mhadhiri aliyegeuka mtunzi wa hadithi za upelelezi. Hatari zao hazitoki kwa genge la watu waovu wa kuzaliwa. Zinatoka katika biashara ya silaha, mafuta na mikopo. Katika Cause for Alarm (1938), Marlow anakwenda Milan kuuza mashine za kutengenezea makombora kwa sababu anahitaji mshahara ili aoe. Polisi wa utawala wa Kifashisti wanabaki na pasipoti yake, na polepole anafahamu kwamba bidhaa anayoiuza ndiyo shina la masaibu yake. Kutokuwa na hatia, ambako Hannay alikuwa nako bila maswali, hapa kunatiliwa shaka.

Kilele cha mabadiliko haya ni Epitaph for a Spy (1938). Josef Vadassy ni mwalimu wa lugha jijini Paris, aliyekwenda likizo katika hoteli ndogo ya pwani ya kusini mwa Ufaransa. Anapeleka filamu ya kamera yake isafishwe, picha alizopiga za mijusi; katika filamu hiyohiyo zinaonekana ngome za kijeshi za Toulon. Kamera yake imebadilishwa na ya mgeni mwingine. Kufikia hapa kisa kinafanana na cha Hannay: mtu asiye na kosa, ushahidi dhidi yake, siku chache za kujiokoa. Tofauti imo katika hati. Mji alikozaliwa Vadassy ulikuwa wa Hungaria, ukawa wa Yugoslavia kwa Mkataba wa Trianon wa 1920. Yugoslavia, ambako jamaa zake waliuawa kwa sababu za kisiasa, hawezi kurudi, Hungaria haimtambui, Ufaransa haijampa uraia. Afisa wa usalama anampa hiari isiyo hiari: amtafute jasusi miongoni mwa wageni wa hoteli, au afukuzwe nchini, na hana pa kufukuziwa.

Vadassy hana ujuzi wa nyika wala barua ya utambulisho. Kila hila anayoijaribu inaharibika. Mwishoni inabainika kwamba polisi walijua tangu awali kwamba hana kosa. Walimtumia kama chambo. Dola iliyokuwa kimbilio la Hannay ndiyo inayomtishia Vadassy, kwa adabu na kwa kufuata sheria. Riwaya ilitoka mwaka uleule wa 1938 ambapo mataifa yalikutana Evian kuzungumzia wakimbizi na yakaachana bila kuwafungulia milango ya kutosha. Ambler alikuwa ameona kwamba katika zama hizo hatari iliyowakabili maelfu ya watu wa kawaida ilikuwa karatasi.

Kipande na Msomaji wa Afrika Mashariki

Hapa ndipo historia hii inapomgusa msomaji wa Kenya moja kwa moja. Mwaka 1915, ilipotoka riwaya ambamo Hannay anazunguka Uskoti bila yeyote kumtaka hati, serikali ya kikoloni nchini Kenya ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita. Kwa sheria hiyo mwanamume Mwafrika alilazimika kuwa na kipande, chenye alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, ambacho alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kusimamishwa njiani na kuulizwa hati hakukuwa mwanzo wa kisa cha ajabu. Kulikuwa Jumatatu. Wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, vikwazo vya mwendo viliongezeka, na jina lenyewe la kipindi hicho linadokeza kwamba hatari ilikuwa imetangazwa rasmi kuwa hali ya maisha.

Jambo hili linafichua msingi uliofichika wa utanzu mzima. Ili hatari ionekane kuwa si ya kawaida, sharti kwanza pawepo maisha ya kawaida yaliyo salama. Riwaya ya Buchan inayachukulia maisha hayo kuwa mali ya kila mtu, ilhali yalikuwa mali ya wachache. Yamkini hii ni mojawapo ya sababu zilizowafanya watunzi wa mwanzo wa riwaya ya taharuki katika eneo hili wamchague bingwa. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ni mpelelezi mwenye kipaji. Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona (1974) ni jasusi aliyefunzwa, wa taifa ambalo mji wake mkuu ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika. Ushawishi wa Sherlock Holmes na James Bond umetajwa mara nyingi, na haukanushiki. Lakini kuna maelezo mengine yanayostahili kuzingatiwa. Kwa jamii iliyokuwa ikiwindwa kila siku, mtu wa kawaida anayekimbia hakuwa ndoto. Aliyekuwa ndoto ni Mwafrika mwenye mamlaka ya kuuliza maswali.

Hitimisho

Safari kutoka Hannay hadi Vadassy ilichukua miaka 23 tu, lakini ilibadilisha maana ya mhusika. Wa kwanza ni wa kawaida kwa sababu dola inamtambua. Wa pili ni wa kawaida kwa sababu dola haimhitaji. Mbinu za kifani ni zilezile: saa inayokwenda mbio, shahidi aliyekufa, adui mwenye sura njema. Kwa hivyo mhakiki anayeipima riwaya ya taharuki kwa mbinu zake peke yake atawaweka wahusika hawa wawili rafu moja, na atakuwa amekosea. Kipimo kinachofaa ni kuuliza mhusika anapobisha mlango usiku, ni nani anayemfungulia, na anaombwa aonyeshe nini kabla ya kuingia. Mhakiki wa riwaya pendwa ya Kiswahili hana budi kuanza na swali hilo, maana wasomaji wa riwaya hizo walikuwa wakilijibu kwa mikono yao wenyewe, mfukoni na shingoni, muda mrefu kabla ya kulisoma.